Jeraha Lisiloonekana

Mtu wa kwetu akivunjika mguu, majirani hawangoji kuombwa. Hutafuta miti na blanketi, hutengeneza machela, na kabla ya jua kuchwa amekwisha fika kwa waganga. Lakini mama asiyepata usingizi, anayeshtuka mlango ukigongwa, anayeacha chungu kiungue huku akitazama ukuta, nani ambebaye? Twasema ana mawazo mengi. Wengine husema amerogwa. Wengine humcheka.

Wasomaji wapenzi, sisi wa Kivu twawajua akina mama hao. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vimeacha vijijini wanawake wengi walionajisiwa kwa nguvu na watu wenye bunduki. Jeraha la mwili limepata waganga hodari. Nani asiyejua jina la Daktari Denis Mukwege wa Panzi, Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018? Lakini waganga wa magonjwa ya akili ni wachache mno, nao hukaa mijini. Mama wa kijijini hana nauli, na shamba halimngojei.

Kwa sababu hiyo utafiti mmoja uliofanywa huku kwetu wastahili kujulikana katika kila nyumba. Ulichapishwa mwaka 2013 katika New England Journal of Medicine, gazeti la waganga wa Marekani. Mkuu wake alikuwa Judith Bass. Katika vijiji 7, wanawake 157 walipewa mafundisho 12: la kwanza kila mmoja peke yake, 11 yaliyobaki pamoja katika kikundi. Katika vijiji vingine 8, wanawake 248 walipata msaidizi wa kuwasikiliza na kuwafariji mmoja mmoja.

Waliofundisha hawakuwa waganga. Walikuwa wasaidizi Wakongo wenye miaka michache ya masomo baada ya shule ya msingi. Wala kazi yao haikuwa kusema pole tu. Tuchukue mfano wa mama ajihukumuye moyoni: «Kosa ni langu, kwa nini nilikwenda shambani peke yangu?» Msaidizi humwongoza alipime wazo hilo kama apimavyo unga sokoni: Je, ni kweli? Aliyeshika bunduki ni nani? Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mafundisho yalishikwa kwa kichwa.

Miezi sita baada ya mafundisho, katika kila wanawake 100 wa vikundi, 9 tu walikuwa bado na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vile vingine walikuwa 42. Na amani haikuwapo: wakati wa utafiti kila kijiji kilipatwa na hatari, mahali pengine mashambulio, pengine unyang’anyi au watu kukimbia.

Sisi tungalidhani kinyume. Twajua ndimi za vijijini. Tungalisema aibu itawafunga akina mama midomo mbele ya wenzao. Labda mtu akisikia hukumu yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mwingine, ndipo aonapo kwamba si ya haki. (Waume waliowafukuza wake zao kwa jambo hili, nao wayapime maneno yao.)

Wako watakaonung’unika: mganga kwa watu wa mji, msaidizi kwa maskini! Hesabu zile zinawajibu kwa sehemu. Lakini tusidhani kila mwenye huruma aweza kazi hii. Wasaidizi walifundishwa na kusimamiwa, na kijiji kimoja kiliondolewa katika utafiti kwa sababu uwezo wa msaidizi wake ulitiliwa shaka. Tena mgonjwa asikiaye sauti zisizokuwapo, au atakaye kujiua, yafaa apelekwe upesi kwa wenye ujuzi, kama wale wa Sosame huko Bukavu au Tulizo Letu huko Goma, nyumba zilizoanzishwa na mafurere wa Frères de la Charité.

Linabaki swali la fedha. Watafiti hurudi kwao, na miradi huisha. Msaidizi hubaki kijijini na watoto wake wa kulisha. Nani atamlipa?