Njia ya Maji Hadi Takwa, na Bima ya Mashua ya Familia

Mji wa Lamu hauingiwi ila kwa maji. Msafiri wa ndege hushukia kisiwa cha Manda, wa basi huishia Mokowe, na wote wawili hupanda chombo kabla ya kukanyaga gati ya mji. Kwa jamaa zetu wa huko, mashua ya familia ndiyo iwabebayo mama, watoto na vyakula siku ya Idi. Kwa hiyo twaona kwamba kuchagua bima ya chombo hicho ni shauri la nyumba nzima, wala si la nahodha peke yake.

Tuichukue safari ipendwayo na wengi, ya kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda. Mji huo ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, kisha ukahamwa, na watu wa Shela husimulia kuwa asili yao imetoka huko. Msikiti wake mkuu ungali umesimama, na juu ya ukuta wa kibla pana nguzo ionekanayo kwa mbali. Kuufikia, chombo hupita katika mkono mwembamba wa bahari uliozungukwa na mikoko, nao hupitika maji yajaapo tu. Asahauye saa ya kurudi hukwama topeni hadi maji yajae tena.

Hapo ndipo swali la kwanza la bima huzaliwa: chombo chetu kimeruhusiwa kufika wapi? Hati ya bima kwa kawaida hutaja mipaka ya safari. Maji yaliyo kati ya Lamu na Manda yamekingwa na visiwa, lakini ukiipita Shela na kuiacha Ras Kitau nyuma, unakutana na bahari kuu, na msimu wa kusi mawimbi yake hayana mzaha. Mashua iliyokatiwa bima ya maji ya ndani, ikipatwa na ajali huko nje, huenda isilipiwe chochote. Tusome basi mipaka hiyo, na tuilinganishe na matembezi yetu ya kweli.

Swali la pili huonekana Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu, ambako mafundi wangali wanaunda vyombo kwa mikono. Atazamaye mbao zikipindwa na nafasi zake zikikalafatiwa kwa pamba huelewa kwamba thamani ya mashua haikadiriwi ovyo. Kuna bima inayolipa thamani iliyokubaliwa tangu mwanzo, na kuna inayolipa bei ya soko ya siku ya hasara, ambayo kwa chombo kikuukuu huwa ndogo. Tena, uchakavu wa kawaida haulipiwi. Mbao zilizooza kwa kutotunzwa ni mzigo wa mwenyewe. Ni vyema tuhifadhi picha na stakabadhi za kila ukarabati, na tuulize mapema ni kiasi gani cha hasara tutakachobeba wenyewe kabla ya bima kuanza kulipa.

Lakini chombo huundwa tena, na mwanadamu haundwi. Kwa sababu hiyo, kifungu tunachopaswa kukisoma kwa makini zaidi ni kile cha dhima kwa abiria na watu wengine. Je, wageni wetu wamo? Ni wangapi? Je, nahodha asiye na cheti anakubaliwa? Na je, siku tunapoikodisha mashua kwa watalii, au kuchukua nauli kwa watu wa harusi, kinga inabaki? Bima ya matembezi ya familia kwa kawaida haihusu biashara. Sheria ya Bima ya Baharini ya Kenya humtaka mwenye chombo aeleze kila jambo muhimu kabla ya mkataba kufungwa. Akificha, kampuni ina haki ya kuuvunja mkataba. Ukweli, ambao dini yetu imeufanya msingi wa mauziano, ndio pia unaoipa hati nguvu.

Wako miongoni mwetu wanaosita kwa kuhofia riba na gharari. Hao wana njia ya takaful, iliyopata leseni nchini mwaka 2011. Humo washiriki huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana, msimamizi hupata ujira wake, fedha haziwekezwi katika riba, na ziada yaweza kurudishwa kwa washiriki. Hata hivyo, jina la takaful halitoshi. Maswali ya mipaka, thamani na abiria ni yale yale, na yafaa kuulizwa kwa maandishi.

Wala hati haishindi maji. Jaketi za kuokolea zitoshe kila kichwa, pamoja na za kipimo cha watoto, na saa ya maji kujaa na kupwa ijulikane kabla ya nanga kung'olewa. Tumefundishwa kumfunga ngamia kisha kutawakali, na bima ni fundo moja tu katika kamba hiyo. Kabla ya matembezi yajayo, mama na baba waketi pamoja na hati mbele yao, waisome hadi mwisho.

Mwenyezi Mungu awajaalie wasafiri wetu wote salama, bara na baharini. Amin.