Nendeni Tu

Mlima Ol Doinyo Lengai haufiki mita 3,000. Ukiuweka karibu na Kilimanjaro yenye mita 5,895, ni mtoto. Lakini Kilimanjaro hupandwa kwa siku tano au zaidi, na huu hupandwa na kushukwa kati ya usiku wa manane na mchana unaofuata. Njia yake haina kona za kumpumzisha mtu. Inakwenda juu tu, kama ngazi iliyoegemezwa ukutani.

Mwaka 2019 tuliupanda watu wanne: rafiki yangu wa tangu darasa la tatu, ambaye kwa kazi yake sote humwita Fundi, muuguzi mmoja na mumewe, na mimi, niliyewazidi wote kwa uzito na kwa maneno pia. Safari niliianzisha mimi.

Tuliondoka saa sita usiku, tochi kichwani, nyuma ya mwongozaji wa Kimasai aliyevaa kandambili za matairi. Watu huanza usiku kwa sababu jua la upande ule wa Ziwa Natron halina huruma, na mlimani hakuna kivuli. Mwanzoni ni nyasi na majivu laini: unapiga hatua mbili, unarudi moja. Juu zaidi majivu yamegandamana kama saruji na mvua imeyachimba mifereji. Hapo mikono nayo hugeuka miguu.

Saa nane goti langu la kulia likaanza kulalamika. Ukweli ni kwamba lililalamika wiki nzima nyumbani, na muuguzi aliponiuliza kambini nilimjibu kuwa halijapata kuwa zima kama siku zile. Saa kumi halikukunjika tena. Mwongozaji akanimulika, akasema, "Mzee, mlima hauhami. Wewe kaa. Kijana wangu atabaki nawe."

"Basi tunakaa wote," akasema Fundi. "Tulikubaliana."

Ni kweli tulikubaliana kupanda pamoja na kushuka pamoja. Nikamwambia, "Nendeni tu." Akakataa. Nikarudia, kwa sauti ya mtu asiyejali, "Nendeni tu, jamani, mnapoteza muda." Akasimama kidogo. Kisha wakaenda.

Nilikasirika kwa sababu waliniamini. Haina maana, najua, lakini nilikaa pale nikitazama taa nne zikipanda gizani, nami nikiwahesabia makosa. Nilitaka Fundi akatae mara ya pili. Kama angekataa ningemfukuza, na moyo wangu ungetulia. Yule kijana alinifunika shuka lake bila kuuliza, akakaa upande unakotoka upepo. Wamasai huuita huu Mlima wa Mungu, na huko hupanda kwa maombi. Mimi usiku ule sikuwa na ombi lolote la kumfaa mtu.

Kulipopambazuka, kivuli cha mlima kilianguka mbali magharibi, kikalala juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, chenye ncha kama kilichokatwa kwa mkasi. Sijui kama waliokuwa juu walikiona.

Walirudi saa mbili, wakiteleza kwa makalio, weupe kwa vumbi. Hakuna aliyetaja kreta. Muuguzi alipiga magoti akalishika goti langu, akanitazama, asiseme neno, afadhali angesema. Nilishuka kwa saa sita. Muda wote huo Fundi alikuwa chini yangu, akishuka kinyumenyume, ili nikiteleza nimwangukie yeye.

Tulipokaribia gari ndipo nilipouliza kuna nini huko. Akasema ni shimo refu, chini limetandaza lava, nyeupe kwingi na nyeusi mahali pachache. Ile nyeusi ndiyo mpya. Lava ya mlima huu ina magadi mengi. Hutiririka nyepesi kama oili ya injini, katika joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya volkano nyingine, na ikipata unyevu hugeuka nyeupe kwa siku chache. Fundi alilieleza lile shimo taratibu, kama anayenisomea barua.

"Mlikaa sana?"

"Dakika kumi. Muuguzi alitaka kushuka."

Miezi kadhaa baadaye mume wa muuguzi aliniambia kuwa mkewe angekaa pale mpaka mchana. Aliyetaka kushuka alikuwa Fundi.