Hesabu ya Mlima

Rafiki yangu afundishaye Uswisi aliniandikia kuwa huko watu huweka akiba mwaka mzima ili wakateleze kwa vibao juu ya theluji siku chache. Nalicheka, kisha nikatwaa kalamu nipange mapumziko ya wanangu. Milima yetu ya Udzungwa, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1992, haina theluji. Lakini kilele cha Luhombero chapita mita 2,500, na maporomoko ya Sanje huanguka mita zipatazo 170.

Naliandika: nauli ya basi kutoka Dar es Salaam kupitia Mikumi na Kidatu, kiingilio cha hifadhi, ujira wa mwongozaji. Mbele ya neno malazi naliandika sifuri, maana shangazi yangu akaa Mkula, chini ya mlima. Naliisifu hesabu yangu kwa urahisi wake.

Usiku sifuri ile ilininyima usingizi. Nalikumbuka safari iliyopita: kuku watatu walichinjwa, mpunga wa mbegu ulikobolewa, na shangazi alilala mkekani ili sisi tulale kitandani. Kumbe safari haikuwa rahisi. Gharama yake alilipa mwingine, tena mwenye uchache kuliko mimi.

Asubuhi nalifuta sifuri, nikaandika mchele, sukari, mafuta na doti moja ya kanga. Siku ya tatu, ambayo wahenga walimwekea mgeni jembe, naliitenga kwa palizi ya mpunga wake. Hesabu imepanda, na Sanje tutaiona mara moja badala ya mbili. Lakini nitabisha hodi Mkula bila haya.