Subira ya Mshabiki wa Ingwe

Wahenga walinena kuwa mvumilivu hula mbivu. Mshabiki mkongwe wa AFC Leopards angependa kuwauliza wahenga hao: mti huo huzaa baada ya misimu mingapi? Mbivu aliionja zamani. Aliiona Ingwe ikitwaa kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982 hadi 1984, kisha ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1998. Tangu hapo robo karne ikapita bila taji la ligi kurejea. Timu hata ilishuka daraja, ikapanda tena mwaka 2009. Kombe la Ngao la 2017 lilimpunguzia kiu, halikuikata.

Kila inaposhindwa, huapa kwamba hatakanyaga tena uwanja wa Nyayo. Huwalaumu washambuliaji, makocha na viongozi. Lakini isukuti zikilia siku ya mechi, huyo langoni, tiketi mkononi. Majirani humcheka. Hawatambui kwamba aliyekata tamaa hanung'uniki. Hunyamaza akaenda zake. Anayenung'unika angali anajihesabu mwenye mali.