Mashine kuukuu ya kufulia yapata kazi Ipole

UKITOKA Tabora mjini kwenda kusini, barabara ya lami ya Mpanda inakuingiza katika misitu ya miombo kabla hujamaliza soga ya kwanza na jirani yako wa kiti. Huku na huku unaona mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, mashamba ya tumbaku na mabani ya kuikaushia. Unaipita Sikonge, makao makuu ya wilaya, ambako Wamoravian walifungua misheni mwanzoni mwa karne ya 20. Muda si mrefu unafika Ipole.

Ipole ni njia panda. Ukishika upande mmoja unakwenda Koga, Inyonga na Mpanda. Ukishika upande wa pili unakwenda Rungwa, na mbele yake Chunya na Mbeya. Wageni wengi hushuka hapa kununua asali na kunyoosha miguu, kisha wanaendelea na safari yao. Mimi hushuka na kubaki, kwa kuwa mama yangu mkubwa ameolewa hapa tangu sijazaliwa. Safari moja nilishuka na mashine ya kufulia nguo, na kituo kizima kikasogea kuitazama.

Watu wa Unyamwezi si wageni wa mizigo ya ajabu. Katika karne ya 19 wapagazi wao ndio waliofanya njia ya Tabora na pwani ipitike, kila mmoja na mzigo wa kama frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30. Kwenda pwani walibeba pembe za ndovu. Kurudi walibeba nguo: merikani, pamba isiyopaushwa iliyotoka Marekani, na kaniki, nguo nyeusi iliyotiwa nili kutoka India. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile. Vitabu vya historia vinatueleza nani aliileta na ilibadilishwa kwa nini. Nani aliifua, havisemi sana. Lakini yeyote aliyetembea katika vumbi la kiangazi la Tabora anajua kwamba kila doti iliyofika huku ilimpa mtu kazi ya kuifua, na mtu huyo mara nyingi alikuwa mwanamke.

Nje kidogo ya Tabora, pale Kwihara, ipo tembe aliyokaa Dk David Livingstone kuanzia Februari hadi Agosti 1872, baada ya Stanley kumkuta Ujiji. Nyumba inayoonekana leo imejengwa upya kwa mfano wa ile ya kale, na ni makumbusho. Ni jambo jema, na wazazi wanaopita Tabora wawapeleke watoto wakaione. Ila huo ni ukarabati wa kutazamwa. Ukitaka kuona ukarabati wa kutumika, nenda kwa mafundi wa Ipole. Baiskeli aina ya Phoenix iliyobeba magunia ya tumbaku ya baba leo inabeba madumu ya asali ya mwana. Cherehani ya miguu ya bibi bado inashona sare za shule. Hapa hakuna anayesema kwamba kufufua kitu kikuukuu ni burudani. Ni kawaida ya maisha.

Kwangu mimi ni burudani. Wengine Jumapili wanatazama mpira, mimi natafuta mashine za zamani zilizokatiwa tamaa. Hii niliipata Tabora mjini, kwa familia iliyokuwa inahama. Ilikuwa ukumbini nyuma ya nyumba, tangi moja limejaa magunzi ya mahindi, jingine limetagiwa na kuku. Jina la kiwandani lilikuwa limefutika kwa kutu. Bei tulikubaliana bila kuvutana, kwa kuwa mwenye nyumba aliona namwondolea uchafu.

Ni mashine ya matangi mawili, aina iliyoenea Uingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadaye ikasambaa duniani. Tangi la kwanza lina pangaboi dogo linalozungusha maji na nguo. Tangi la pili lina kikapu chembamba kinachozunguka kwa kasi na kukamua maji. Unazihamisha nguo kwa mkono kutoka tangi moja kwenda jingine. Kwa sababu hiyo watu wa mjini wanaiona ya kizamani, wanataka ile ya kubonyeza na kuondoka. Lakini mashine ya kubonyeza na kuondoka inataka bomba lenye maji yanayosukuma wakati wote. Hii ya zamani inataka ndoo na soketi tu. Unamimina maji kama unavyomimina kwenye beseni. Ndiyo maana niliponunua tayari nilikuwa nawaza Ipole.

Msomaji ukitaka kujaribu, yapo mambo ya kukagua kabla ya kutoa fedha. Zungusha pangaboi kwa mkono: likigoma kabisa, huenda ni kutu tu, lakini likicheza huku na huku, beringi zimekwisha. Zungusha kikapu cha kukamulia na usikilize kama kinakwaruza. Nusa mota: harufu ya kuungua ni dalili kwamba waya zake zimeungua, na kuzisuka upya ni gharama. Tazama chini ya tangi, maana bati lililotoboka ni tabu kuliko mota iliyokufa. Mkanda, mpira wa kuzuia maji na bomba la kumwagia maji visikutishe. Hivyo vyote hubadilishwa.

Kazi yenyewe ilichukua jioni nyingi. Kutu niliiondoa kwa msasa na brashi ya waya, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe juu yake. Mkanda wa zamani ulikuwa umekauka kama kamba ya katani. Tulipata unaolingana nao dukani kwa kupima urefu na upana wa ule uliochakaa. Mpira wa shafti ulipatikana kwa wauza beringi. Taima ilihitaji kusafishwa tu meno yake. Kapasita niliibadilisha, na hapa nitoe onyo: kifaa hicho kinaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, kwa hiyo asiyejua asiguse, amwite fundi umeme. Waya wa ardhi nao usikosekane, kwani maji na umeme viko sehemu moja.

Kifaa nilichokitengeneza kwa makini kuliko vyote ni breki ya kikapu. Ukifunua kifuniko cha upande wa kukamulia, kikapu lazima kisimame. Mashine nyingi za zamani zinatembea bila breki hiyo, na mkono wa mtoto haungoji kikapu kisimame chenyewe. Kama breki haifanyi kazi, mashine haijapona, hata ikifua vizuri namna gani.

Burudani hii ina wakubwa wake. Huko Eaton, katika jimbo la Colorado, Marekani, profesa mstaafu wa uhandisi wa umeme, Lee Maxwell, alianza kukusanya mashine za kufulia miaka ya 1980 na akafikisha zaidi ya 1,000, nyingi akizifufua kwa mikono yake. Kitabu alichoandika juu ya historia ya mashine hizo kina jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa “Okoa Maisha ya Wanawake”. Mtu anaweza kulicheka jina hilo mpaka amtazame anayefua nguo za watu tisa kwa beseni moja.

Na tusidhani wenzetu walizaliwa na soketi ukutani. Mwaka 1935, Marekani ilipoanzisha wakala wake wa umeme vijijini, takriban mashamba tisa kati ya kumi hayakuwa na umeme. Kwa Kiingereza wakala ule ulifupishwa REA, herufi zile zile tunazozitumia kwa Wakala wetu wa Nishati Vijijini. Kabla ya nyaya kufika, kampuni ya Maytag ya jimbo la Iowa iliwauzia wakulima mashine za kufulia zenye injini ndogo ya petroli. Mama wa shambani aliiwasha kwa kupiga kiki kama anavyofanya kijana wa bodaboda, na moshi wake ukatolewa nje kwa bomba.

Ipole leo haihitaji kiki. Njia ya umeme ya kilovolti 132 inayotoka Tabora kwenda Mpanda ina kituo cha kupozea umeme hapa hapa. Mashine ya matangi mawili hula umeme kidogo kuliko pasi. Ilipowashwa kwa mara ya kwanza uani kwa mama mkubwa, alisimama mbali na mikono kiunoni.

“Mwanangu, hiki kinalia kama mashine ya kusaga. Nguo zangu zitatoka zima?”

“Zitatoka, mama mkubwa. Anza na zile za shamba kama unaogopa.”

“Za shamba ndizo nisizotaka zichanike. Tuanze na zako.”

Tukaanza na zangu.

Nguo za shamba ndiyo habari yenyewe ya Ipole. Aliyewahi kuchuma tumbaku anajua ule utomvu unaoganda mikononi na kwenye nguo, mweusi, unaonata, usiotoka kwa sabuni ya mche bila kusugua mpaka vidole vichubuke. Vidole vya mama mkubwa vimekaa hivyo miaka mingi, na siku hizi haviwezi kukamua shuka peke yake. Zaidi ya hapo, nikotini ya majani mabichi hupenya ngozini, hasa yakiwa na umande au mvua, ikamletea mchumaji kizunguzungu, kichwa kuuma na kutapika. Anayefua nguo zilizolowa utomvu huo naye anaushika. Kwa hiyo mashine ikipunguza muda wa mikono ndani ya maji yale, tayari imefanya jambo la afya, siyo la anasa.

Utaratibu uliokubalika pale nyumbani ni huu. Maji ya sabuni yanatumika mara tatu: kwanza sare za shule na nguo nyeupe, pili za rangi, mwisho kabisa za tumbaku. Maji ya mwisho yanamwagwa mbali na kisima na bustani ya mboga. Tangi la kukamulia ndilo linalosifiwa zaidi, hasa kati ya Novemba na Aprili, wakati wa mvua, nguo zinapokaa kambani siku mbili na kuanza kunuka. Zikitoka kwenye kikapu kile, jua la mchana mmoja linatosha.

Lakini kuna kazi ambayo hakuna mashine ya aina hii iliyoigusa. Maji hayaji yenyewe. Kufua kwa siku moja bado kunataka ndoo nyingi, nazo zinatoka bomba la mkono, juu ya vichwa. Wiki za kwanza nilisikia jambo lililonikera. Wajukuu wa kiume, ambao beseni hawakuligusa tangu wazaliwe, walikuwa wakigombania kuzungusha taima. Mashine imewafanya mafundi. Dada yao wa darasa la saba, mwenye mtihani wa mwisho mbele yake, alikuwa bado njiani na ndoo kila Jumamosi, pengine mara nyingi zaidi kuliko zamani, kwa sababu sasa nguo zilifuliwa mara nyingi zaidi.

Mama mkubwa hakuitisha kikao. Alitoa sheria moja: anayetaka kushika swichi alete ndoo mbili kwanza, zijae, bila kujali ni wa kiume au wa kike. Siku ya kwanza walinuna. Siku ya pili mkubwa wao alifunga madumu mawili kwenye baiskeli na kwenda bombani. Majirani walimtania, utani wa Kinyamwezi usio na huruma, wakimwita mke wa mashine. Alicheka, akaendelea kukanyaga. Msichana akapata asubuhi za Jumamosi za kusoma. Si zote, maana nyumba ya kijijini haikosi kazi, lakini amezipata.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama kuna mashine kuukuu stoo kwenu, au kwa jirani anayehama, usiiache ioze na usiiuze kwa wauza vyuma chakavu kabla fundi hajaitazama. Gharama ya beringi, mkanda na kapasita mara nyingi haifiki bei ya mashine mpya, na kwa kijiji chenye umeme ila hakina maji ya bomba ndani ya nyumba, ile ya zamani inafaa zaidi. Ila siku unapoipeleka kwa mama, shangazi au bibi, usiishie kuuliza soketi iko wapi. Uliza pia nani atakayechota maji, na mkalimalize jambo hilo kabla ya kuwasha.