Adabu ya Jicho Safarini

Mtu akifunga safari, ukitaka kuijua nia yake usimuulize aendako. Tazama anachokitia mkobani. Mfanyabiashara hutia daftari, mwanachuo hutia vitabu, na aendaye kuzuru jamaa hutia tende na halua. Mimi ni mpiga picha hapa Mombasa, na mkobani mwangu huingia lenzi. Nataka nikusimulie lenzi nilizochukua kwenda Arusha mara mbili, kwani mara ya kwanza nilimdhulumu mtu, na mara ya pili nilikwenda kumtaka radhi.

Arusha kwetu ni nchi ya nje, ingawa si mbali. Unapita Voi, unavuka mpaka Taveta na Holili, unaipita Moshi, na jua halijachwa umefika. Nilialikwa na rafiki wa marehemu baba yangu, mzee wa Kipwani aliyehamia huko zamani na kujenga nyumba ya ghorofa katikati ya mji.

Nilichukua lenzi tatu. Ya kwanza pana, ya milimita 28, ifaayo kwa mlima na mandhari nzima. Ya pili ya milimita 50, ndogo na nyepesi, ambayo huonyesha mambo karibu na vile mtu ayaonavyo kwa macho yake. Ya tatu ndefu, ya milimita 300, ambayo huvuta kilicho mbali kikawa kama kiko mkononi. Hii ya tatu ilikuwa nzito na ilijaza nafasi, basi nikaliacha koti. Arusha iko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Julai huko si ya mchezo kwa mtu wa pwani. Nilitetemeka, wala sikujuta, kwani safari yenyewe niliifunga kwa ajili ya lenzi hiyo.

Na haki isemwe, ilinifaa. Hifadhi ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto na kupewa jina la Arusha mwaka 1967, iko ubavuni mwa Mlima Meru. Huko mtu huweza kutembea kwa miguu akifuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Nyati ukimsogelea umejitakia. Heroe wa maziwa ya Momella, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, ukiwasogelea huruka. Mahali kama hapo kukaa mbali ndiyo adabu, na lenzi ndefu humwezesha mtu kuona bila ya kumuudhi kiumbe.

Kosa langu lilikuja siku ya mwisho, baada ya alasiri. Nilipanda roshani ya mwenyeji wangu ili niupige picha Mlima Meru. Mlima huo, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, hupenda kujifunika mawingu, nami nikawa nangoja ujifunue. Katika kungoja nikaishusha kamera chini. Katika ua wa jirani alikuwako mwanamke ameketi mkekani, kichwa wazi, anachana nywele, na mwanawe mdogo amemkumbatia shingoni. Walikuwa wanacheka, na jua la jioni limewaangukia. Nikabonyeza.

Nitakwambia kweli: ilikuwa picha nzuri kuliko zote za safari ile. Niliporudi nikawaonyesha jamaa. Mmoja akaiomba, nikamtumia kwa simu. Yeye akamtumia mwenziwe, na mwenziwe akamtumia mwingine. Haukupita mwezi, mzee wangu wa Arusha akanipigia simu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, nilikukaribisha nyumbani kwangu ulale. Ukapanda roshani yangu kumchungulia jirani yangu?" Picha ilikuwa imemfikia ndugu wa mume wa yule mama. Mume naye, aliyekuwa akisimama safu moja na mzee msikitini miaka yote, sasa hata salamu haitiki.

Nilimwambia mama yangu kwamba nitaiuza ile lenzi. Akanitazama, akasema, "Lenzi imekosa nini, mwanangu? Ilipanda roshani peke yake?"

Nikakaa nikafikiri. Sitaingia katika hitilafu ya wanavyuoni juu ya picha. Hilo lina wenyewe. Lakini hili langu halina hitilafu. Sisi husema macho hayana pazia, na mara nyingi husema hivyo kujitetea. Mwenyezi Mungu katika Surat Nur ametuamrisha tusiingie nyumba za watu mpaka tutake idhini na tuwasalimu wenyewe, na baadaye katika sura hiyo hiyo akatuamrisha tuinamishe macho. Katika Surat Hujurat amekataza kupelelezana. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kupiga hodi kumewekwa kwa ajili ya jicho. Basi mwenye kulivusha jicho lake juu ya ukuta ameingia ndani ya nyumba, hata kama miguu yake imebaki nje.

Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alieleza katika kitabu chake juu ya kuona kwamba jicho halitoi miali yake kwenda kukitazama kitu, kama walivyodhani wengi kabla yake. Nuru hutoka kwenye kitu ikaingia jichoni. Nilipolikumbuka hilo nilijiona zaidi kuwa mwenye deni. Kile nilichokipokea jichoni mwangu kilikuwa kitu cha watu. Hata kama ningekiona kwa bahati tu, kilikuwa amana, na mimi nikaigawa.

Safari ya pili nilitia mkobani koti, na lenzi moja tu, ya milimita 50. Sikuiacha ile ndefu kwa kuwa ina dhambi. Niliiacha kwa sababu safari hii sikuwa nakwenda kutazama wanyama, nilikuwa nakwenda kwa watu. Kwa lenzi hii ndogo huwezi kuujaza uso wa mtu katika picha mpaka umkaribie hatua mbili tatu. Ukimkaribia hivyo huna budi kumsalimu. Ukimsalimu atajua umekuja, na akijua, anaweza kukukataza.

Mzee alinifuatisha mwenyewe mpaka kwa jirani. Yule bwana alitukaribisha barazani, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "La kwangu mimi nimekusamehe. Lakini mwenye haki yuko ndani." Nikarudia maneno yangu mbele ya pazia. Kukawa kimya. Kisha sauti ikasema, "Umeifuta?" Nikasema nimeifuta. "Na hao uliowapa?" Nikasema nimewaomba waifute. "Na hao waliopewa na hao?"

Sikuwa na jawabu. Akasema, "Basi ukilipata jawabu, kaka yangu, niletee."

Mpaka leo sijalipeleka. Nawapigia watu simu mmoja mmoja. Wengine husema wamefuta, wengine hucheka, na wengine siwajui hata majina. Nashukuru kwamba mzee na jirani yake wanapeana mikono tena baada ya magharibi. Lakini haki ya yule mama ingali shingoni mwangu.

Ndugu msomaji, usiseme kwamba wewe si mpiga picha. Simu iliyo mkononi mwa mwanao ni kamera, na lenzi yake huvuta mbali. Kumbuka siku ya kupamba, wanawake wetu wamejifungia peke yao wafurahi, kisha binti mmoja akainua simu akidhani anacheza tu. Mfundishe kabla hajabonyeza: Je, huyu anajua kwamba ninamtazama? Je, nimepiga hodi? Je, picha hii nitaweza kuirudisha siku mwenyewe atakapoitaka? Akishindwa kujibu moja tu kati ya hayo, na aishushe simu.

Mwenyezi Mungu atusitiri, na atujaalie tuwe wenye kuwasitiri wenzetu. Amin.