Ukoka Sawasawa, Mashine Nzima

Ukiwa umepanga ghorofani huku ughaibuni, majani si mzigo wako. Wanakuja watu usiowajua, wanakata, wanaondoka, na wewe unaona tu kwamba uwanja umependeza. Siku unapokabidhiwa funguo za nyumba yako mwenyewe, ukoka nao unakuwa wako, pamoja na deni la benki. Huku Ohio ninakoishi na familia yangu, miji mingi ina sheria ndogo inayotaja mwisho wa urefu wa majani. Ukiuvuka, unapata barua. Ukiipuuza barua, wanaletwa watu wa kukata na wewe unatumiwa bili.

Sisi tulinunua nyumba miaka minne iliyopita. Mimi ni muuguzi. Diploma niliisomea Tanga, shahada nikaipatia huku, na kwa sasa nafanya zamu za usiku za saa 12. Baba watoto ni dereva wa malori ya safari ndefu. Mwaka wa pili wa nyumba yetu alifanyiwa upasuaji wa mgongo, akakatazwa kusukuma au kuinua chochote kizito kwa miezi kadhaa. Ilikuwa Aprili, wakati baridi inapoachia na majani ya huku yanakua kama yanafukuzwa. Tulitajiwa dola 50 kwa kila mara ya kukata, na msimu huo yanataka kukatwa kila wiki. Dola 200 kwa mwezi ni fedha ninayomtumia mdogo wangu aliyeko chuoni nyumbani. Nikasema hapa hakuna mjadala, kazi hii tutaifanya wenyewe.

Wengi wetu majani tuliyajulia shuleni, fyekeo mkononi, ama kwa zamu ama kwa adhabu. Fyekeo lina uzuri wake: mkono unahisi kichuguu, unainua kidogo, unaendelea. Mashine haihisi kitu. Inakata kwa urefu uliouweka, iwe ardhi ni tambarare au ina nundu. Kwa hiyo usawa wa ukoka unaanza kabla hujawasha injini.

Jirani yetu, mzee mstaafu aliyefanya kazi ya ufundi maisha yake yote, ndiye aliyenifundisha. Jambo la kwanza alilonionyesha lilikuwa kuiweka mashine kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka na kukagua magurudumu yote manne. Kwenye mashine nyingi za kusukuma, kila gurudumu lina mkono wake wa kupandisha na kushusha. Ukiacha mmoja tundu moja juu ya wenzake, utakata mstari wa juu na mstari wa chini, na uwanja utaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mtu mwenye haraka. Kama magurudumu ni ya kujazwa upepo, upepo nao uwe sawa pande zote.

Jambo la pili ni urefu wenyewe. Majani ya maeneo ya baridi kama haya yetu yanapenda kubaki na urefu wa inchi 3 hivi, hata 3 na nusu wakati wa joto kali. Na usiondoe zaidi ya theluthi moja ya jani kwa mara moja. Jani ndilo linalotengeneza chakula cha mmea. Ukilikata hadi shina, mizizi inadhoofika, jua linachoma udongo, na magugu yanapata nafasi. Kama mvua imekuzuia wiki mbili na majani yamerefuka, pandisha mashine, kata kidogo, subiri siku chache, kisha shusha ukate tena.

Jambo la tatu ni mwendo. Subiri umande ukauke. Mimi huanza kama saa nne asubuhi. Majani mabichi yanalala, yanapita chini ya kisu bila kukatwa, halafu yanagandamana chini ya bati la mashine. Zunguka ukingo wa uwanja mara mbili kwanza ili upate nafasi ya kugeuzia. Kisha nenda kwa mistari iliyonyooka, kila mstari ukiingia kidogo juu ya ule uliopita, upana wa kiganja hivi, ili pasibaki mkia wa majani katikati. Wiki inayofuata badilisha mwelekeo. Ukipita njia ileile kila mara, majani yanazoea kulalia upande mmoja na magurudumu yanachimba mfereji. Kwenye mteremko, mashine ya kusukuma ipitishwe kwa kukatisha mteremko. Usiivute kuja kwako kutoka juu, maana ukiteleza inakufuata. Majani yaliyokatwa yaache palepale kama ni mafupi. Yanaoza haraka na kurudishia udongo sehemu ya mbolea.

Lakini hata ukifuata yote hayo, kisu butu kitakuharibia. Kisu kikali kinakata. Kisu butu kinachana. Siku mbili baadaye tazama ncha za majani. Zikiwa nyeupe au za kahawia na zimechanika kama uzi, shida si mvua wala mbolea, ni kisu. Kukinoa ni kazi ya nusu saa, ila ina masharti ambayo kwangu hayana mjadala: kwanza toa waya wa plagi. Kisu kinaweza kuisukuma injini izunguke na kuwaka hata kama hukuiwasha wewe. Ukiilaza mashine, upande wa chujio la hewa na kabureta uwe juu, la sivyo oili inaingia isikotakiwa. Fungua nati kwa spana, funga kisu kwenye jiliwa, na upitishe tupa kwa kufuata mlalo wa makali yaliyopo. Halafu kitundike kwenye msumari kwa tundu lake la katikati. Upande mmoja ukishuka, ndio mzito. Upunguze mpaka kisu kikae sawa. Kisu kisicho na mizani kinatikisa injini nzima na kuila taratibu. Mimi hunoa baada ya kila saa 20 hadi 25 za kazi, na mapema zaidi kikigonga jiwe.

Mengine ni ya kawaida. Oili hupimwa kila kabla ya kuwasha, na humwagwa na kuwekwa mpya angalau mara moja kwa msimu, kwa aina na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Chujio la hewa hukung'utwa vumbi, na likichoka hubadilishwa. Plagi hukaguliwa kila mwaka. Bati la chini hukwanguliwa majani yaliyogandamana, waya wa plagi ukiwa umetolewa.

Hospitali tunakabidhiana zamu kwa maandishi, kwa sababu kichwa kilichochoka hakitunzi kumbukumbu. Ndiyo maana ukutani, pale inapokaa mashine, nimening'iniza daftari dogo: tarehe, muda wa kazi, oili imeongezwa au la, kisu kimenolewa lini. Baba watoto akirudi safari anasoma na kujua hali ilivyo bila kuniamsha.

Mvutano mkubwa nyumbani kwetu haukuwa juu ya mashine bali juu ya nani aisukume. Kijana wetu alikuwa na miaka 10 baba yake alipofanyiwa upasuaji, na alitaka sana kusaidia. Babu yake akipiga simu, baada ya shikamoo na marahaba, alikuwa ananiambia, "Mama, mwache afanye kazi. Samaki mkunje angali mbichi. Baba yake alishika fyekeo akiwa na miaka saba." Baba watoto naye alikubaliana na mzee wake. Hofu yao ninaielewa, nami ninayo: kulea watoto ughaibuni ambao wanadhani majani hujikata yenyewe.

Nilimjibu mkwe wangu kwa heshima zote: "Baba, fyekeo likikuponyoka umejikata. Kisu hiki kinazunguka karibu mara 3,000 kwa dakika." Mtu akijiumiza kwa fyekeo anashonwa; kwa mashine hii anaweza kupoteza vidole, na jiwe linalorushwa linaweza kutoboa jicho la aliyesimama mbali. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri mtoto asisukume mashine ya kukata majani kabla ya miaka 12, na asiendeshe ile ya kukalia kabla ya 16. Nikashika hapo. Kwa miaka miwili kazi ya kijana ilikuwa kutembea uwanjani kabla yangu akiokota mawe, vijiti na wanasesere wa mdogo wake, kisha kuingia ndani, na mwishoni kuandika kwenye daftari. Babu alicheka, akasema mjukuu wake amekuwa karani wa majani.

Mwaka huu ametimiza 12, na mashine ameishika. Masharti anayajua kwa moyo: viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, miwani ya kukinga macho, vizibo vya masikio. Petroli naijaza mimi, injini ikiwa imepoa. Mdogo wake, mwenye miaka mitano, hakai nje mashine ikiwaka. Jumamosi moja ya Juni nilikuwa jikoni nikasikia injini imezimika ghafla. Nilipotoka nilimkuta binti amesimama kibarazani na mpira wake. Alikuwa amefungua mlango mwenyewe. Kaka yake alikuwa ameuachia mkono wa mashine palepale alipomwona. Mashine za kusukuma zinazouzwa Marekani tangu 1982 zinatakiwa kisu kisimame ndani ya sekunde 3 mkono ukiachiwa, lakini lazima mtu auachie. Hakuniita, hakupiga kelele. Alimshika mdogo wake mkono, akamrudisha ndani, akafunga mlango, kisha akaniuliza, "Mama, niendelee?"

Nilimpigia babu yake jioni ile nikamsimulia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi sawa, mama. Huyo amekunjika."

Kabla theluji haijaanguka, fanyeni hili moja la mwisho. Petroli ikikaa zaidi ya mwezi inaanza kuharibika na kuziba kabureta, na hiyo ndiyo sababu mashine nyingi zinagoma mwezi wa nne. Ama iendesheni mpaka tangi likauke, ama wekeni dawa ya kuhifadhi petroli kwenye tangi lililojaa na muiache injini iunguruме dakika chache ili dawa ifike kote. Safisheni bati, noeni kisu, badilisheni oili, andikeni tarehe. Baba watoto mgongo wake umepona, na msimu ujao anasema atakata yeye. Kijana amemwambia atampangia zamu.